Somo Kwanza, Kishikwambi Baadaye



Nimeombwa nizungumzie modeli za usanifu wa ufundishaji na namna zinavyoweza kutusaidia kuingiza teknolojia darasani. Naanza na jambo linalojulikana na wengi wenu. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi ambavyo makarani walizunguka navyo nyumba kwa nyumba vilielekezwa kwa walimu. Lilikuwa tendo jema, na nalishukuru. Tangu siku zile swali ninalolisikia shuleni na vyuoni ni hili: tukitumieje? Naliheshimu swali hilo kwa sababu huulizwa na watu wanaotaka kufanya kazi. Hata hivyo linaanzia mahali pasipofaa. Anayeanza nalo ameshachagua jibu, na kazi iliyobaki ni kutafuta somo la kulibandikia.

Modeli nitakazozitaja leo zinatofautiana kwa mengi, lakini karibu zote zinaugeuza mpangilio huo. Zinauliza kwanza mwanafunzi amekwama wapi. Kisha zinauliza, akikwamuka tutajuaje. Swali la chombo huja nyuma ya hayo mawili, na mara nyingine jibu lake huwa ni chaki.

Wapo wanaodhani kwamba kupanga ufundishaji kwa mitambo ni mambo yaliyotufikia juzi pamoja na intaneti. Tanzania ilishafanya kazi hiyo zaidi ya miaka 50 iliyopita, kwa redio, na kwa maoni yangu iliifanya kwa uangalifu kuliko tunavyofanya leo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliendeshwa kwa wiki 12 kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam. Takriban watu wazima milioni 2 walishiriki katika vikundi vya kujisomea. Ukiitazama kampeni ile kwa jicho la msanifu wa ufundishaji, utakuta kila kitu tunachowafundisha wanachuo leo kwa majina mapya.

Redio haikuachiwa ifundishe peke yake. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo kabla kipindi cha kwanza hakijaenda hewani. Kitabu kiliandikwa kwa Kiswahili chepesi, maana wengi wa waliokusudiwa walikuwa wametoka tu kujifunza kusoma. Kikundi kilikutana, kikasikiliza kipindi, kikasoma sura ya wiki hiyo, kikajadili: malaria, minyoo, kichocho, kuhara damu, kifua kikuu. Halafu wanakikundi wakaulizana swali ambalo mimi naliona ndilo moyo wa mpango wote: hapa kijijini kwetu tunafanya nini kuhusu haya tuliyoyasikia? Vyoo vikachimbwa, majani yakafyekwa, madimbwi yakafukiwa. Redio ilipewa kazi inayoiweza, ya kuwafikia watu wengi kwa wakati mmoja na kuwapa ari. Kitabu kikapewa kazi ya kutunza maelezo yasisahaulike. Uamuzi wakaachiwa watu wenyewe, kwa sababu hakuna redio inayoweza kumwamulia mtu achimbe choo.

Jambo la pili kuhusu kampeni ile husahaulika zaidi: haikuzuka ghafla. Ilitanguliwa na Kupanga ni Kuchagua mwaka 1969, Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, na Wakati wa Furaha mwaka 1971, taifa lilipotimiza miaka 10 ya Uhuru. Hizo zilikuwa ndogo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na washirika wake walijaribu kwa vikundi vichache, wakatazama kilichofaulu na kilichoshindikana, wakarekebisha, ndipo wakapanua. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Nani kati yetu leo ana subira ya kujaribu mara tatu kabla ya kusambaza kitu nchi nzima?

Jirani zetu wa Kenya nao, kati ya mwaka 1980 na 1985, walijaribu kufundisha Kiingereza kwa redio katika darasa la kwanza hadi la tatu, nusu saa kwa siku. Redio inauliza, inanyamaza, watoto wanajibu kwa sauti, redio inaendelea. Ule ukimya ulikuwa umesanifiwa. Ukiwa mfupi, mtoto hajamaliza kujibu. Ukiwa mrefu, darasa limeshaanza kupiga soga. Huwezi kuujua urefu wake ukiwa ofisini. Unaujua ukiwa umekaa nyuma ya darasa na saa mkononi, unawasikiliza watoto.

Sasa nije kwenye modeli zenyewe. Sitazipitia zote, maana ni nyingi na baadhi yake zinarudiana.

Iliyo maarufu kuliko zote ni ile inayoitwa ADDIE. Mizizi yake iko kwenye kazi iliyofanywa mwaka 1975 na Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida kwa ajili ya jeshi la Marekani, lililokuwa na haja ya kufundisha vijana wengi wenye elimu zinazotofautiana, katika kazi ambazo kosa dogo linaweza kuua mtu. Hatua zake ni tano: kuchambua, kusanifu, kutengeneza, kutekeleza, kutathmini. Ni modeli nzuri kwa ofisi inayoandaa mtaala au kozi ya mtandaoni. Kwa mwalimu mwenye vipindi 30 kwa wiki ni nzito, na simlaumu akiiacha.

Inayomfaa mwalimu huyo ni ASSURE, iliyotolewa mwaka 1982 na Robert Heinich, Michael Molenda na James Russell. Iliandikwa kwa ajili ya mtu anayesimama mbele ya wanafunzi kesho asubuhi. Mchambue mwanafunzi wako. Taja lengo. Chagua mbinu, chombo na nyenzo. Vitumie, baada ya kuvijaribu mwenyewe. Mfanye mwanafunzi ashiriki. Tathmini, kisha urekebishe. Angalieni chombo kinapoingia: hatua ya tatu, na hata hapo kimewekwa nyuma ya mbinu.

Tena kuna Robert Gagné, mwanasaikolojia aliyeshughulikia upimaji na mafunzo ya marubani wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Aliainisha matukio tisa ya ufundishaji: kuvuta usikivu wa mwanafunzi, kumweleza lengo, kumkumbusha anachokijua, kuleta jambo jipya, kumwongoza, kumpa nafasi ya kufanya, kumwambia amefanyaje, kumpima, na kumsaidia kukumbuka na kutumia alichojifunza mahali pengine.

Mliosoma vyuo vya ualimu hapa nchini mtakuwa mmeshaanza kutabasamu. Fungueni andalio la somo la muundo tuliouzoea kwa miaka mingi. Utangulizi. Maarifa mapya. Kuimarisha maarifa. Tafakuri. Tathmini. Chini yake tathmini ya wanafunzi, tathmini ya mwalimu, maoni. Ni modeli kamili ya usanifu wa ufundishaji, na kila mwalimu wa nchi hii ameshaijaza mara nyingi asizoweza kuzihesabu. Hatuna upungufu wa modeli. Tulichokifanya ni kuigeuza kuwa karatasi ya ukaguzi. Andalio huandikwa ili lisainiwe. Katika nafasi ya maoni, mwaka hadi mwaka, tunaandika kwamba somo limeeleweka, na mara nyingine tunaandika hivyo kabla somo halijafundishwa. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu nafasi ile ya maoni ndiyo iliyobeba hatua ya mwisho ya modeli zote nilizozitaja, na ndiyo tuliyoiua.

Niruhusuni nichukue somo moja na nikae nalo, maana mazungumzo ya jumla kuhusu teknolojia yametosha. Tuchukue Sayansi na Teknolojia, darasa la saba, mada ya umeme. Wanafunzi 80. Kishikwambi kimoja, cha mwalimu. Hakuna projekta. Kipindi ni cha mara mbili, dakika 80.

Mwalimu anayeanza na kishikwambi atatafuta video ya umeme, atakiinua juu, walio mbele wataona, walio nyuma watasikia sauti, na dakika 80 zitakwisha. Tuanze kwingine.

Wanafunzi wamekwama wapi? Chora ubaoni betri mbili, waya, na balbu mbili za aina moja zilizopangwa moja baada ya nyingine katika njia moja. Uliza ni ipi itakayowaka zaidi. Jiandae kusikia wengi wakikwambia ni ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoupokea umeme kabla ya mwenzake. Inautumia, na ya pili inabakiziwa. Watafiti wa ufundishaji wa fizikia wamelikuta wazo hili tangu miaka ya 1980 New Zealand, Uingereza na kwingineko, na wamelikuta hata kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Si ujinga. Kila kitu kingine anachokijua mtoto hupungua kikitumiwa: mafuta ya taa, maji ya ndoo, vocha ya simu. Ana sababu nzuri ya kukosea, na maelezo ya mwalimu ubaoni hayawezi kuing'oa sababu hiyo kwa kuirukia. Hapo ndipo penye kazi. Umechambua, na umetumia chaki na swali moja.

Sasa lengo. Usiandike kwamba mwanafunzi aelewe sakiti, kwa kuwa hakuna anayejua kuelewa huko kukoje. Andika kwamba aweze kutabiri mwangaza wa balbu katika sakiti ambayo hajawahi kuiona, na aeleze kwa maneno yake kwa nini. Palepale, kabla hujaenda mbali, andika maswali matatu utakayompa kesho yake ili ujue kama ameweza. Swali la kupima liandikwe kabla ya kuchagua chombo. Wanachuo wangu hulalamikia kanuni hii kuliko nyingine zote, na ndiyo nisiyokubali kuilegeza, kwa sababu maswali yakishaandikwa ndiyo yatakayokwambia ni chombo gani hakina kazi katika somo lako.

Mbinu sasa. Wanafunzi wagawanywe vikundi vinane vya watu kumi. Kila kikundi kipewe betri za tochi, vipande vya waya na balbu mbili. Watabiri, waandike utabiri, ndipo waunganishe. Hapa kuna mambo ya mkono ambayo hakuna modeli itakayokutajia, ila modeli nzuri itakulazimisha uyagundue, kwa sababu inakutaka ujaribu nyenzo zako mwenyewe kabla ya darasa. Tochi nyingi zinazouzwa siku hizi zina taa za LED. Hazifai kwa somo hili: zinakubali umeme upande mmoja tu, na mbili zikifuatana kwenye betri mbili huenda zisiwake kabisa. Tafuta balbu ndogo za zamani zenye uzi ndani. Kisha zijaribu zote. Balbu za viwanda tofauti hutofautiana ukinzani, kwa hiyo moja inaweza kung'aa kuliko nyingine. Ikitokea kwamba ndiyo iliyokaa ya kwanza, umelithibitisha lile kosa ulilokuja kuliondoa. Dawa ni kuzibadilishia nafasi mbele ya wanafunzi. Mwangaza ukihama pamoja na balbu, darasa limejua kwamba nafasi haihusiki, na limejifunza namna mwanasayansi anavyotenganisha sababu mbili.

Wameona kwamba mwangaza ni sawa. Lakini kwa nini? Hapa balbu na betri zimefika mwisho wa uwezo wake, kwa sababu mkondo wa umeme hauonekani. Na hapa, kwa mara ya kwanza tangu tuanze, kishikwambi kina kazi ambayo chaki haiwezi kuifanya. Mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2001, umetengeneza maabara za kuigiza zinazotolewa bure. Ile ya sakiti unaipakua ukiwa mahali penye mtandao, na darasani unaitumia bila bando. Mwanafunzi anaunganisha betri na balbu kwa kidole, na vidoa vya buluu vinaanza kutembea ndani ya waya. Anaviona vikienda kwa mwendo uleule kabla ya balbu ya kwanza, katikati, na baada ya ya pili. Anaweka ameta mahali patatu na anasoma namba moja.

Kishikwambi kimoja kwa vikundi vinane, dakika nne kila kikundi, ni dakika 32. Zinatosha, kwa sharti kila kikundi kifike kwenye kishikwambi kikiwa na utabiri wake umeandikwa na kazi maalumu ya kufanya. Vikundi vingine viko kwenye balbu halisi, vinachora na kubishana. Mwalimu anazunguka na kusikiliza. Dakika za mwisho darasa linarudi pamoja, na linaulizwa swali linalozaliwa na lile la kwanza: kama mkondo haupungui, betri inaisha kwa nini? Swali hilo litazua kelele. Liacheni lizue. Mtoto aliyekuwa akisema umeme unatumika hakukosea kabisa; kuna kitu kinachotumika, nacho ni nishati, na sasa ana sababu ya kutaka kujua tofauti ya nishati na mkondo.

Kesho yake maswali matatu, kwenye vipande vya karatasi. Mwalimu anahesabu wangapi bado wanasema balbu ya kwanza, na anaandika idadi hiyo katika nafasi ya maoni, pamoja na maneno waliyoyatumia. Mwaka ujao andalio litaanzia hapo.

Nimekaa sana kwenye somo hilo kwa makusudi. Katika dakika 80 kishikwambi kimegusa kila mwanafunzi kwa dakika nne, na hizo nne zina thamani kwa sababu ya zile 76 zilizozizunguka.

Kuna mjadala wa kitaaluma nyuma ya hili. Mwaka 1983 Richard Clark, mtafiti wa Marekani, aliandika kwamba vyombo vya kufundishia havimfanyi mwanafunzi ajifunze zaidi, kama vile lori linaloleta vyakula lisivyoongeza lishe ya wanaovila. Kinachofundisha ni mbinu iliyobebwa ndani ya chombo. Robert Kozma akamjibu, akisema baadhi ya vyombo vina uwezo ambao mbinu fulani haziwezi kuwepo bila huo. Mimi naona Clark amepata sehemu kubwa ya ukweli, na Kozma amepata ile sehemu inayotufanya tusivitupe vifaa: vile vidoa vya buluu havichoreki ubaoni vikatembea.

Ushahidi wa karibu na kwetu unatoka Kisumu. Benjamin Piper na wenzake walichapisha mwaka 2016 utafiti uliolinganisha njia tatu za kutumia teknolojia katika kufundisha kusoma madarasa ya mwanzo. Kundi moja la shule lilipewa vishikwambi kwa wakufunzi wanaowatembelea na kuwashauri walimu. La pili likapewa vishikwambi kwa walimu wenyewe. La tatu likapewa visomeo vya kielektroniki kwa wanafunzi. Makundi yote matatu yalikuwa pia na kile kilekile cha msingi: vitabu, maandalio yaliyopangwa vizuri hatua kwa hatua, na ushauri wa mara kwa mara kwa mwalimu. Wanafunzi wa makundi yote walisoma vizuri kuliko wale wa shule ambazo hazikuwa na mpango. Lakini kati ya makundi hayo yenyewe tofauti haikuwa ya kutegemewa. Kilichotofautiana ni gharama, na njia ya kumpa kila mtoto kifaa ndiyo iliyokuwa ghali zaidi. Kenya ilipopanua mpango wake wa kusoma kitaifa kwa jina la Tusome kuanzia mwaka 2015, ilichagua kumpa kishikwambi yule anayemtembelea mwalimu.

Huo ni uamuzi wa usanifu wa ufundishaji kwa maana yake halisi. Waliuliza tatizo liko wapi, wakakuta liko kwenye ushauri usiomfikia mwalimu, wakaweka kifaa hapo. Linganisheni na Peru, iliyonunua kompyuta mpakato kwa mamia ya maelfu chini ya mradi wa kumpa kila mtoto moja. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2012 katika shule 319 za vijijini haikukuta ongezeko lolote la ufaulu wa hisabati wala lugha. Kompyuta zilifika. Somo halikuwa limepangwa.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani ninapinga vifaa. Mkoa wetu wa Tanga umeshiriki jaribio kubwa duniani. Kuanzia mwaka 2017, kwa miezi 15, watoto karibu 2,700 katika vijiji takriban 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili, wajifunze kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Kabla ya jaribio, zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Lilipokwisha, idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa karibu nusu. Jaribio hilo lilikuwa sehemu ya shindano la XPRIZE, na mwezi Mei 2019 tuzo yake ya dola milioni 10 ikagawanywa kati ya washindi wawili, Kitkit School na onebillion. Hawa wa pili walikuwa wameshaijaribu kazi yao darasani Malawi kwa miaka kadhaa, wakifuatiliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, kabla haijafika Tanga. Ndiyo ile njia ya Kupanga ni Kuchagua: jaribu, tazama, rekebisha, panua. Kifaa kilifanya kazi nzuri kwa sababu kilibeba somo lililokuwa limeshapitia mikononi mwa watoto.

Nitaje modeli mbili zaidi kwa haraka, kwa kuwa mtakutana nazo kwenye semina. Punya Mishra na Matthew Koehler, mwaka 2006, wakijenga juu ya kazi ya Lee Shulman ya mwaka 1986, walisema mwalimu anahitaji maarifa ya aina tatu yanayoingiliana: ya somo, ya ufundishaji, na ya teknolojia. Modeli yao, TPACK, naithamini kwa sababu inafichua udhaifu wa mafunzo mengi tunayowapa walimu. Tunawaita siku mbili, tunawafundisha kuwasha, kufungua akaunti na kupakua, tunawapa vyeti. Tumegusa aina moja kati ya tatu, na hatukugusa kabisa mahali zinapokutana. Mwalimu wa umeme anahitaji kujua mtoto hukosea nini kuhusu umeme na ni picha gani itamsaidia. Fundi wa kompyuta hawezi kumfundisha hilo.

Ya pili ni SAMR ya Ruben Puentedura, inayopanga matumizi ya teknolojia kwa ngazi nne, kuanzia kubadilisha tu chombo cha zamani hadi kuunda kazi ambazo zisingewezekana bila teknolojia. Mimi siipendi. Mwalimu akionyeshwa ngazi ataona aibu kubaki chini, naye atalazimisha jambo la ajabu mahali ambapo jambo la kawaida lingetosha. Mwalimu wa kijijini anayewasomea wanafunzi hadithi kutoka kwenye kishikwambi kwa sababu hakuna vitabu yuko ngazi ya chini kabisa kwa hesabu ya SAMR. Kwa hesabu ya watoto wale wenye hadithi mpya kila wiki, yuko juu sana.

Na kwa wale wenye projekta, neno moja tu. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ameonyesha kwa majaribio mengi kwamba picha inayosindikizwa na sauti ya mwalimu hufundisha vizuri kuliko picha, sauti, na maneno yaleyale yakiwa yamejazwa kwenye skrini. Mwanafunzi hawezi kusoma na kusikiliza jambo hilohilo kwa kasi mbili. Futeni maandishi mengi. Bakizeni mchoro, na msemeshe darasa.

Nimalize kwa mambo ya kufanya. Mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, umetupa jumuiya za ujifunzaji, na jumuiya hizo ndizo mahali pa kazi hii, kwa sababu wanaokutana humo wanafundisha watoto wa aina moja katika mazingira ya aina moja. Napendekeza kikao kianze na majibu ya wanafunzi yaliyokosewa, yakiwa yameandikwa kwenye karatasi, kutoka somo moja tu. Kikao kikubaliane kosa linatoka wapi, kiandike lengo na maswali ya kupima. Hadi hapo vishikwambi vibaki mkobani. Baadaye ndipo wajumbe waamue kama kuna kitu ambacho kifaa kitakionyesha na mkono hauwezi kukionyesha. Kikao kinachofuata kianze na matokeo.

Wadhibiti ubora, nawaomba jambo ambalo halihitaji bajeti. Mkifika shuleni, msiombe andalio la leo peke yake. Ombeni na la mwaka jana la mada hiyohiyo, myaweke pamoja, na mmuulize mwalimu amebadilisha nini na kwa nini. Mwalimu ambaye somo lake la mwaka jana lilishindwa na mwaka huu amelibadilisha apewe sifa kuliko yule ambaye maandalio yake yote yanasema limeeleweka. Mkifanya hivyo kwa muhula mmoja, nafasi ya maoni itaanza kujazwa kwa ukweli.

Wenzetu wanaonunua vifaa au kupokea misaada ya vifaa, muulizeni kila muuzaji ni darasa gani kama letu lililotumia programu yake, watoto walikosea wapi, na alirekebisha nini baada ya kuona hivyo. Asiye na jibu la swali la tatu hajasanifu kitu.

Andalio la somo la sakiti nililolieleza liko mezani pale mlangoni, pamoja na maswali yake matatu. Chukueni, mkalifundishe. Nina hakika kuna sehemu haitafanya kazi katika darasa lako kama nilivyoipanga, hasa zile dakika nne kwa kikundi. Nikirudi muhula ujao naomba mniletee vile vipande vya karatasi vya wanafunzi, vyenye majibu yaliyokosewa vikiwa juu, ili tukae tuliandike upya.